Upasuaji wa kupunguza uzito: siku moja hospitali, maisha yote jikoni

Mazungumzo ya unene yamebadilika Unguja. Zamani mwanamke aliyenenepa baada ya kujifungua aliambiwa amependeza, mume anamtunza. Leo mwanamke huyo huyo ana presha na sukari, magoti yanamuuma akipanda ngazi za nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, na kwenye shughuli ya harusi shoga zake humnong'oneza habari za "kukata utumbo" Dar es Salaam au India.

Wengi wanaotamani upasuaji huo wameshauliza bei, na wameshaona picha za watu kabla na baada. Wachache wanajua daktari hufanya nini hasa ndani ya tumbo. Wachache zaidi wanajua familia itatakiwa kufanya nini mgonjwa akirudi nyumbani. Hapo ndipo mafanikio au matatizo mengi hutokea, kwa sababu upasuaji wenyewe ni wa saa chache, na yanayoufuata ni ya maisha.

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na wa mijini walikuwa wengi zaidi kuliko wa vijijini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na unene wa kupindukia.

Daktari hufanya nini?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba upasuaji huu haunyonyi mafuta mwilini. Mafuta ya kiunoni na mapajani hayaguswi. Kinachobadilishwa ni njia ya chakula.

Mfuko wa chakula wa mtu mzima unaweza kupokea lita moja au zaidi. Katika upasuaji wa baipasi ya tumbo, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko huo, yenye ujazo wa takriban mililita 30. Kiasi hicho hakijazi hata kikombe cha kahawa tungu kama vile vya Jaws Corner. Kuanzia siku hiyo, kila anachokula mgonjwa huingia katika kijifuko hicho.

Kisha utumbo mwembamba hukatwa, na ncha yake ya chini huvutwa juu na kuunganishwa na kijifuko. Mfuko wa zamani hautolewi. Unabaki tumboni ukiendelea kutengeneza majimaji yake, ambayo pamoja na nyongo hushuka na kukutana na chakula sehemu ya chini zaidi ya utumbo. Maungio hayo hufanana na herufi Y, na yana jina la daktari wa Uswisi, César Roux, aliyeutumia mtindo huo wa kuunganisha utumbo kwa maradhi mengine miaka mingi kabla ya upasuaji wa uzito kubuniwa.

Kwa hiyo chakula hupita njia ya mkato. Huruka sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali ambapo mwili hufyonza sehemu kubwa ya madini ya chuma na kalsiamu. Jambo hili lishike, kwa sababu ndilo litakaloamua vidonge vya kila siku.

Siku hizi kazi hiyo hufanyika zaidi kwa matundu madogo, kwa kutumia kamera na vifaa vyembamba, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Baipasi ya kwanza kwa njia hiyo ilifanyika Marekani katikati ya miaka ya 1990.

Kwa nini njaa hupungua?

Asili ya upasuaji huu ni jambo lililoonekana wodini. Katika miaka ya 1960, Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alizingatia kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walikuwa wakipungua uzito na hawaunenepi tena kirahisi. Yeye na mwenzake, Dk. Chikashi Ito, wakaanza kuwafanyia baipasi watu wanene kupita kiasi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa siri yote ni udogo wa kijifuko. Baadaye ikaeleweka kuwa homoni nazo zinahusika sana. Chakula kinapofika mapema sehemu ya chini ya utumbo, utumbo hutoa kwa wingi homoni zinazouambia ubongo kwamba mtu ameshiba na zinazosaidia mwili kutumia insulini. Baadhi ya sindano mpya za kupunguza uzito zinazovuma hivi sasa zinaiga mojawapo ya homoni hizo.

Hii ndiyo sababu baadhi ya wenye kisukari aina ya pili huona sukari ikishuka ndani ya siku au wiki chache baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua sana. Dawa za kisukari na presha inabidi zipangwe upya haraka na daktari. Anayeendelea na dozi ya zamani kwa mazoea anaweza kuzimia kwa sukari kushuka mno. Ajue pia kwamba kwa baadhi ya watu kisukari hurudi baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kliniki haiachwi.

Nani anafaa?

Kliniki hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, maarufu kwa jina la BMI. Unachukua uzito kwa kilo, unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano, mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 105: 1.6 mara 1.6 ni 2.56, na 105 gawa kwa 2.56 ni 41.

Kipimo cha kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Tangu mwaka 1991, wataalamu wengi duniani walifuata mwongozo wa Marekani uliotaka mgonjwa awe na 40 na kuendelea, au 35 akiwa na maradhi yanayotokana na unene, kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango hadi 35 bila sharti la ugonjwa, na 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. Hospitali nyingi bado huangalia mengine pia: umri, moyo, hali ya akili, na kama mgonjwa amewahi kujaribu njia nyingine kwa dhati.

Sasa tumrudie mama wa kilo 105. Kwa kawaida baipasi hupunguza takriban asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Kwake yeye ni kilo 26 hadi 31. Atabaki na kilo 74 hadi 79, na kwa urefu wake bado chati itamwita mnene. Hata hivyo huenda akapanda ngazi bila kuhema, akalala bila kukoroma, na akaacha baadhi ya dawa. Anayeingia chumba cha upasuaji akitarajia mwili aliokuwa nao siku ya harusi yake atavunjika moyo. Anayetaka kutembea kwa miguu hadi Darajani na kurudi ana matarajio yanayofikika.

Puto, kupunguza mfuko na baipasi ni vitu vitatu

Watu huchanganya majina, na mkanganyiko huo unagharimu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni pamoja na upasuaji wa kupunguza uzito, na habari zake zimewafikia wengi Visiwani. Aliyekuwa mkuu wa Muhimbili, Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alijulikana sana kwa mihadhara yake ya kuwaonya Watanzania kuhusu ulaji na uzito.

Puto halihitaji kukatwa. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa majimaji au hewa, hukaa tumboni kwa muda, mara nyingi miezi sita hadi mwaka mmoja kulingana na aina yake, kisha hutolewa. Likitoka, nafasi ya tumbo inarudi kama zamani, na asiyebadili ulaji hunenepa tena.

Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula huondoa takriban robo tatu ya mfuko huo na kubakisha mrija mwembamba. Utumbo hauguswi. Kilichokatwa hakirudi. Watu wengine hupata kiungulia kikali baadaye.

Baipasi hupunguza mfuko na kubadili njia ya utumbo. Mara nyingi huwafaa zaidi wenye kisukari na wenye kiungulia cha muda mrefu, lakini ndiyo inayodai uangalizi mkubwa zaidi wa vitamini na madini.

Hatari zake

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa 4,776 katika hospitali zenye uzoefu, ulikuta takriban wagonjwa 3 kati ya 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo, na huongezeka kwa mwenye maradhi mengi. Upande wa pili, utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwalinganisha watu wanene waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali na wasiofanyiwa. Baada ya takriban miaka 11, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliofanyiwa.

Siku za mwanzo, madaktari huhofia maungio kuvuja, damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na kutokwa na damu ndani. Moyo kwenda mbio, homa, maumivu makali ya tumbo au kupumua kwa shida ni dharura. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa Unguja asiharakie boti ya kurudi. Akae karibu na hospitali kwa muda wote alioelekezwa, hata kama jamaa wa Dar wanaanza kumuonea haya.

Miaka ya baadaye kuna mengine: mawe kwenye mfuko wa nyongo, vidonda kwenye maungio, na utumbo kujisokota au kunasa. Aliyefanyiwa baipasi akipata maumivu makali ya tumbo ya ghafla, hata miaka mitano baadaye, asipewe dawa ya minyoo na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali.

Ukirudi Unguja

Wiki za mwanzo ni vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, vyote kwa mikupuo midogo. Kisha chakula kilichosagwa, halafu laini, na baada ya takriban miezi miwili ndipo chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Mpangilio kamili hutolewa na mtaalamu wa lishe wa hospitali husika.

Baada ya hapo kanuni kubwa ni protini kwanza, kwa kawaida gramu 60 au zaidi kwa siku. Pwani hii haina shida ya protini: changu, jodari, pweza aliyelainika, dagaa, mayai, mtindi, choroko na dengu. Shida ni wali wa nazi unaojaza kijifuko kabla samaki hajaguswa. Mgonjwa huanza na samaki, hufuatia mboga, na wali ukikosa nafasi basi. Anatafuna mpaka chakula kilainike kabisa. Hanywi maji wakati wa kula, husubiri takriban nusu saa.

Vitamu ndivyo huwashitua wengi. Glasi ya juisi ya miwa pale Forodhani, kipande cha halua au kaimati chache vinaweza kumwagika ghafla ndani ya utumbo na kumletea jasho, moyo kudunda, tumbo kukata na kuharisha. Si uchawi wala sumu, ni sukari iliyofika haraka mno.

Ugumu mwingine ni sinia. Familia inayokula pamoja, kila mtu akimhimiza mwenzake aongeze, humuweka mgonjwa katika mtihani mara mbili kwa siku. Ni vyema awe na kisahani chake, na wakubwa wa nyumba watangulie kusema kwamba asiambiwe "kula kidogo tu". Tonge mbili za kumridhisha bibi zinaweza kuishia katika kutapika. Mume asione jungu limepuuzwa, na watoto waelezwe kwa lugha yao kwamba mama ana tumbo dogo sasa. Mama akipika samaki na mboga zaidi, na soda ikiondoka kwenye friji, watoto wa skuli nao wanafaidika.

Vidonge ni vya maisha: vitamini mchanganyiko, kalsiamu na vitamini D, madini ya chuma, na vitamini B12 kwa kidonge au sindano. Chuma kisimezwe pamoja na chai wala kalsiamu, maana vinazuia kisifyonzwe. Anayeacha anaweza kujisikia mzima mwaka mzima, kisha akaanza kuishiwa damu, kufa ganzi miguu au mifupa kudhoofika. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1 na kudhuru ubongo na neva, kwa hiyo hakusubiriwi kupoe.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kirahisi madukani, huweza kusababisha vidonda kwenye maungio. Sigara pia. Kabla ya kununua dawa yoyote, mwambie mfamasia kwamba una baipasi ya tumbo.

Kuhusu Ramadhani, madaktari wengi hushauri mtu asifunge kipindi cha mwanzo, mara nyingi miezi 12 hadi 18, kwa kuwa hawezi kufidia maji na protini kati ya magharibi na alfajiri. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Baadaye anaweza kufunga baada ya kupimwa, na futari yake haitakuwa ile ya zamani ya uji mtamu, sambusa na visheti kwa mkupuo mmoja.

Kwa anayetaka kuzaa

Unene huvuruga hedhi na yai kupevuka. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi haraka kuliko mtu anavyodhani. Hata hivyo, wataalamu hushauri mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kutosha kwa mama na mtoto. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri baada ya baipasi. Kitanzi au kijiti ni vya uhakika zaidi, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, mume akiwepo ikiwezekana.

Mimba ikishika, kliniki ya wajawazito iambiwe siku ya kwanza. Kipimo cha kisukari cha kunywa maji ya glukosi kinaweza kumzidisha hali, na zipo njia nyingine za kupima. Atahitaji pia kuchekiwa damu na vitamini mara nyingi zaidi.

Usiifiche

Wapo wanaosafiri kimya, wakaaga kwamba wanakwenda kusalimia ndugu Dar, kwa kuogopa kuitwa wavivu walioshindwa kufunga mdomo. Aibu hiyo haina msingi. Unene wa kupindukia ni maradhi yanayoongozwa na homoni, urithi na mazingira, na mwili wenyewe hupigana kuurudisha uzito uliopotea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa methali hiyo ni maelekezo ya kitabibu: akifikishwa Mnazi Mmoja, Lumumba au Kivunge usiku akiwa hajiwezi, aliyemleta lazima aweze kusema alifanyiwa nini, lini na wapi. Nakala ya ripoti ya upasuaji ikae nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu wa karibu.

Maswali kabla ya kupanda boti

Kabla ya kulipa chochote, mgonjwa na familia wakae na daktari na kupata majibu ya maswali haya:

Ni aina gani ya upasuaji ninayopendekezewa, na kwa nini hiyo kwangu?

Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na wangapi walipata matatizo?

Bima yangu inalipia nini? Jibu lipatikane kwa maandishi kutoka kwa mwenye bima, si kwa mdomo.

Nitakaa siku ngapi karibu na hospitali kabla ya kurudi Unguja?

Vidonge na vipimo vya damu vitagharimu kiasi gani kwa mwaka, na vinapatikana hapa?

Daktari gani wa Zanzibar atanifuatilia, na je, mmeshawasiliana naye?

Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Gharama za tikiti, chumba na upasuaji hulipwa mara moja, na pengine ukoo mzima ukachanga. Kipimo cha damu cha mwaka wa tatu hakichangiwi na mtu. Familia ambayo haijapata jibu la nani atamfuatilia mgonjwa, na kwa fedha zipi, bado haijawa tayari. Hakuna ubaya kusubiri mwaka mmoja zaidi, ukipima uzito, ukitibu presha na sukari, na ukijizoeza kula samaki kabla ya wali.